Mashua Niliyochora Bila Kuuliza

Mama, nakusalimia huko Manono. Hapa Kalemie upepo wa ziwa ni baridi, na mimi nina haya kubwa. Kwenye ukuta wa soko la samaki nimechora mashua yenye abiria wanaocheka. Picha tuliichagua na wakubwa wa kazi ndani ya biro, ofisini kwao, mbali na soko. Mama Feza, muuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, akahamisha meza yake ili aupe ukuta mugongo. Nikamuuliza kwa nini.

"Bwana yangu alizama na mashua kama hii. Kila asubuhi nikiiona picha yako, unamupandisha tena ndani."

"Mbona haukuniambia?"

"Nani alituuliza?"

Kisha akanikaribisha bukari na ndakala. Nikamega tonge la ugali ule, nikala naye. Kesho nitaifuta ile mashua, niketi na wamama wa soko, waseme wanachotaka kuona. Papa akiuliza kama kazi imeisha, umuambie ndiyo kwanza inaanza.

Ulale salama, Mama.
Mutoto wako, Ilunga