Usinitafute Mbele, Dada Gaude

Dada Gaude,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo, maana hukuwa unanisamehe nikiisahau hata kwenye simu.

Nimechoka, dada. Nianze na hilo, mengine yatafuata. Tangu presha ikuchukue, watu wananiita "Gaude mdogo", wakidhani wananipa heshima. Bosi wa redio anataka nikalie kiti chako kila Jumamosi asubuhi, nipokee simu za wasikilizaji, nicheke nao. Mimi, Skola, nicheke redioni! Nilimwambia nitamjibu. Mama yako naye ameniomba niandike wasifu wako upya, usomwe siku ya kusimika msalaba, kwa sababu ule wa mazishi haukuwa wewe. Kaka yako alisimama akasoma: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaugua. Ungedhani ni taarifa ya mkutano wa mtaa. Gaude mzima, na hakuna hata mmoja aliyecheka! Iliniuma kuliko jeneza lenyewe, lakini kalamu nilikuwa siwezi kuishika. Wakati huohuo kaka yangu amenitafutia nafasi kwenye duka lake la pembejeo pale Bombambili. Anasema mbolea haihitaji maneno. Kwa wiki nyingi nimelifikiria hilo duka kuliko kuandika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Mtu akifiwa, na ndugu wakitaka wasifu usiofanana na wa jirani, walikuja kwetu Lizaboni kutugongea mlango. Wewe ulikwenda msibani, ukakaa na wanaume kwenye moto, ukaingia jikoni kwa akina mama, ukarudi umejaa. Ulinisimulia umesimama, mikono hewani, nami naandika. Siku ya mazishi unaubeba wasifu, unausoma mbele ya jeneza, watu wanalia na kucheka palepale. Michezo yetu ya redio ilikuwa hivyohivyo. "Mimi mdomo, wewe mkono," ulikuwa ukisema. "Mtu akinifungia chumbani na karatasi, jioni atanikuta nimekufa." Na kweli, nikikuachia aya moja tu uimalizie, unachungulia dirishani, unakumbuka vitumbua, umeshatoka. Nilikuwa nakucheka. Sikujua zamu yangu inakuja.

Maana nilijaribu kuwa wewe. Kulikuwa na msiba wa fundi baiskeli pale Bombambili. Nikajilazimisha, nikakaa na wanaume, nikauliza kwa sauti yako, nikacheka kicheko chako. Walinijibu kama wanavyomjibu karani wa sensa. Siku ya kuzika nikasimama kusoma mwenyewe, na nilikuwa nimeweka kichekesho cha namna yako, kwamba marehemu aliwahi kumtengenezea padri baiskeli akasahau breki. Ungekisema wewe, hata mjane angetabasamu. Nilipokisema mimi, dada, kukawa kimya mpaka nikasikia jogoo wa jirani. Mjane akainamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu, jua bado liko juu. Ndipo nilipoamua moyoni kwamba nitauza mbolea.

Wewe watu walikuwa wanakunenepesha. Ulitoka kwao na njaa na hadithi. Mimi wananikondesha, hata nikiwapenda, na ninawapenda. Miaka yote nilidhani hiyo ni kasoro, kwamba mwandishi ni mtu wa namna yako na mimi ni wa kukushikia kalamu tu. Hukusema hivyo hata siku moja. Ila kila mazishi ulinivuta mkono, "Skola, njoo mbele, watu wakuone!" nami nikajificha nyuma ya akina mama wa kwaya. Ungejua nilivyokuwa nakuchukia wakati ule!

Basi akaja binti wa Mzee Baltazari wa Maposeni, kafiwa na mama yake. Nilitaka kumkatalia, nikashindwa, alikuwa analia. Nikaenda nikisema huu ndio wa mwisho. Mzee nilimkuta nyuma ya nyumba peke yake, anapukuchua mahindi. Waliokuja kumpa pole walikuwa wamemchosha kwa maneno, akawa anaitikia "asante" tu. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza chochote. Nikamwamkia, nikampa pole, nikavuta ungo. Tukapukuchua. Kuku wakapita, wakarudi. Kimya kile kilinipumzisha, na nadhani na yeye. Kisha akasema bila kunitazama:

"Huyu mama alikuwa anaimba huko shambani, anajua yupo mwenyewe. Kanisani hata siku moja hakufungua mdomo. Mimi nilikuwa najificha kwenye mahindi, namsikiliza." Akaendelea kupukuchua. "Hata watoto hawajui."

Wewe usingelipata hilo, Gaude. Nisamehe, lakini usingelipata. Ungemchekesha mzee, angecheka, angebaki nalo.

Nilimwomba ruhusa niliandike. Akafikiri sana, akasema niandike. Wasifu ulikuwa mfupi, bila kichekesho, na kuusoma nilimpa mwalimu mmoja mgeni aliyehamia shule ya pale kutoka Mwanza, mtu mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani. Mimi nilikaa nyuma na akina mama, tunachambua likolo, majani ya maboga ya chakula cha waombolezaji. Mwalimu alipofika pale pa mahindi, bibi mmoja karibu yangu akasimamisha mkono. "Nani kaandika haya?" Mwenzake akamwambia, "Sijui, labda watoto wake." Dada, sijawahi kufurahi vile. Uchovu ulikuwepo bado, lakini ulikuwa uchovu wa kulima shamba langu mwenyewe.

Bosi wa redio nimemjibu. Kiti chako ampe mwenye mdomo, mimi nitamletea michezo. Alikunja uso, akasema kwa namna hiyo nisitegemee kujulikana. Nikamwambia sawa. Kaka naye atauza mbolea yake.

Na wasifu wako nimeuanza. Vitumbua vimo, na dirisha, na ile mikono hewani. Naandika kidogo, nalia, nachemsha chai, narudi. Mama yako alitaka niusome mwenyewe. Nimemwambia, mama, kuandika nitaandika, kusoma atasoma mwingine. Akaniangalia, akasema, "Haya, mwanangu. Gaude alikuwa na mdomo wake."

Lala salama, dada yangu. Kwako naahidi kitu kimoja: safari hii watacheka. Utakapowasikia, usinyooshe shingo kunitafuta mbele. Nitakuwa nyuma na akina mama, jani la boga mkononi, nakusikiliza.

Mkono wako,
Skola