Maji ya Miche Yaliingia Kwenye Chungu cha Wakwe

Mpendwa Shangazi Barbara,

Nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni karani kwenye mtambo wa kusafisha majitaka hapa Busia, kazi yangu ni kuandika nani amechukua maji yaliyosafishwa na ya nini, kuosha malori, kufyatua matofali, kumwagilia miti, na kila jerikeni naiandika SI YA KUNYWA kwa rangi nyekundu. Wiki jana nilikwenda Tororo kujitambulisha kwao Sandra, mchumba wangu, nikambebea baba yake, Mzee Edeku, jerikeni mbili za kumwagilia miche, na yale maandishi niliyasugua yote kwa mchanga, maana niliona aibu mkwe kuingia ugenini na onyo mkononi. Kumbe mama mkwe aliyachemsha yale maji, akayaongeza kwenye chungu cha ajono, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu, nami nilimwona akimimina, ila mkwe mgeni hasemezani na mama mkwe, basi nikanyamaza, nikapewa mrija, nikavuta.

Mzee akafumba macho. "Mkwe, maji haya umeteka wapi?"

"Kazini, baba."

"Kumbe mmekalia chemchemi na hamsemi. Jumamosi wazee wa ukoo wanakuja kukuangalia. Leta jerikeni nne."

Hakuna aliyeugua, lakini mimi chakula hakipiti. Nikisema namkosa Sandra, nikinyamaza wazee nao watayanywa.

Karani Mwoga, Busia

Karani,

Pole. Nimecheka kwanza, sasa nakugombeza. Adabu ya ukwe inakuzuia kusemezana na mama mkwe, haikuzuii kumjibu baba mkwe, naye alikuuliza waziwazi. Na kuchemsha huua vijidudu, hakugeuzi maji ya kuoshea malori kuwa ya kunywa. Unalijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana huli.

Usimtume mshenga, atapamba maneno. Leo ukitoka kazini mwambie Sandra, kesho asubuhi nendeni wote kwa mzee kabla hajashika mrija. Anza na kosa lako: "Baba, nilifuta maandishi." Mwambie pia kwamba yeyote akiumwa tumbo aende kliniki na aeleze alichokunywa. Jumamosi peleka jerikeni nne za maji ya bomba.

Mzee akikufukuza, toka kwa heshima, urudi Ijumaa na shangazi yako wa damu. Mkwe aliyekosa akasema, wazee humtoza mbuzi. Aliyenyamaza hadi mtu akalazwa, hawamtozi kitu, hawamtaki.