Mjomba Anataka Tumfukue Mama Kabla Hajakauka

Mama Custodia wa redioni, nisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni Mwayuu, kabila la huku juu jangwani Guajira, nakusikiliza kila asubuhi nikisuka mikoba. Mama yangu tulimzika juzijuzi tu, na kwetu unajua maiti huachwa miaka mpaka ibaki mifupa mitupu, ndipo binti hufungua kaburi, akaiosha kwa mikono yake na kuizika upya, na binti mwenyewe ni mimi, sina dada. Sasa kampuni ya umeme wa upepo inataka mnara usimame pale pale makaburini, na mjomba Leandro, msemaji wa ukoo, ameshakubali, anasema tumtoe mama mwezi ujao, na mimi sikubisha, maana mbuzi wetu wamekwisha kwa ukame na watu wa kampuni wanasema umeme huu hauchafui hewa, mvua itarudi. Lakini tangu siku hiyo mama ananijia ndotoni, amenipa mgongo, nywele zinachuruzika maji, anasema, "Bado sijakauka, mwanangu." Sikumwambia mtu. Jana binti yangu mdogo akaamka akaniuliza, "Mama, mbona bibi analala na sisi? Amelowa." Nikapapasa bembea tunayolalia, kweli imelowa, na mvua haijanyesha huku tangu kabla hatujamzika. Naogopa sana. Nikikataa nitakuwa adui wa ukoo, nikikubali mikono yangu nitaiingiza wapi?

Nohelia, Guajira

Nohelia, pole, lakini umekosea. Ndoto kama hiyo unaikalia kimya? Kwenu watu huulizana wameota nini hata kabla ya kahawa, wewe ukaendelea kusuka mikoba!

Umeme wa upepo hata mimi nautaka, moshi wa makaa ya mawe umetuponza vya kutosha. Mvua lakini hairudishwi na mnara mmoja, usidanganyike. Na upepo wa Guajira hauvumi makaburini tu.

Kesho alfajiri waite ndugu wote wa upande wa mama. Mtoto aseme aliyoyaona, nawe useme yako, mjomba akiwepo. Kampuni isogeze mnara kule kwenye uwanda wa chumvi usio na kaburi, na waya ushuke kwanza nyumbani kwenu, maana mnagawa upepo na bado mnawasha vibatari. Kaburi lisiguswe mpaka mama mwenyewe aje aseme amekauka.

Mjomba akishupaa, usigombane naye. Mpe glavu na chupa ya pombe ya kuvumilia harufu, mwambie aingie akamwoshe dada yake mwenyewe.