Leso Kiunoni mwa Otieno

Baraka wangu,

Hapa mtaani Tena tu wazima, mamako amepona kikohozi. Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu wa uokoaji anakataza kujifunga kamba kiunoni kabla ya kuingia kwenye maji ya kasi.

Nilipokuwa msichana katika kitongoji cha Mukuru kwa Reuben, mto ulifurika ukabeba mtoto wa jirani. Kaka yangu Otieno akataka kumfuata. Sisi wanawake tukaunganisha leso zetu, tukamfunga kiunoni. Alimfikia mtoto, akamsukuma ukingoni. Kisha akateleza. Kadiri tulivyomvuta, ndivyo maji yalivyomzamisha.

“Mwachilieni!” mzee mmoja alipiga kelele. Lakini nani angemwachilia ndugu yake? Tulipomfikisha ukingoni, alikuwa ameshakufa maji.

Msikilize mwalimu, mjukuu wangu. Leso zetu hazikukatika.

Shosho wako