Vita Yetu, Filme Yako

Yaya wangu, mukubwa wangu, kule uliko,

Bon, filme yako imetoka. Waliionyesha hapa Bruxelles, ku Ixelles, watu wakajaa mpaka wengine wakasimama kando ya ukuta. Kaye yako ya vita, daftari ile ulikuwa unaandikia porini na kipande ya kalamu, leo iko sinema. Na mimi mudogo wako, mwenye alitembea na wewe pori nzima, mwenye alivuka muto Lualaba juu ya mugongo ya mamba (cheka tu!), niko ndani mara moja tu: "Leo mudogo amelia." Basi. Wakatafuta mutoto mwembamba wa kuniigiza, akalia na muziki chini.

Na mvua! Yaya, si tulikimbia wakati wa kiangazi, vumbi mpaka ndani ya meno? Ku filme mvua inanyesha kama ya Bruxelles. Kisha muheshimiwa moja akashika mikro, akatuita "mashujaa wa taifa". Shujaa gani? Tulikuwa tunagombania kiazi kimoja chenye kuungua.

Alors Nadine, binti yako, akanishika mukono mbele ya watu: "Huyu ni Tonton yangu, ule mutoto mwenye alikuwa analia." Wamama wakanipapasa bega kama mugonjwa. Mimi!

Unajua ku matanga zetu zote hapa, watu wakimaliza kula, ni mimi walikuwa wananipa kiti cha katikati niseme vita. Sasa kwa misa yako ya mwaka, Nadine anasema: "Tonton, usichoke bure, tutaweka filme." Nikajibu sawa, lakini roho iliungua. Wivu, yaya. Umekufa, na bado unanishinda.

Juzi yule dada mwenye alitengeneza filme akakuja kwangu Saint-Gilles, anatafuta kitu cha kuongeza. "Papa, hakuna hata jambo moja yenye haiko ndani ya kaye?"

Iko. Asubuhi ile, ulivyovaa kofia ya ule askari, na maneno uliniambia mpaka nikasahau njaa. Mudomo wangu ulikwisha kufunguka nimuambie. Unanijua, mimi na mudomo.

Nikamuambia: "Hakuna, maman. Yaya aliandika yote." Nikamumiminia chai tena.

Hata hapa siiandiki. Wewe ulipata sinema. Hii ni yangu.

Lala vizuri, yaya.

Mudogo wako