Kwa Nini Mtoto Anaitwa Ngoma

Panda, Likasi
11 Machi 1973

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani huko Kakanda. Goti lako linaendeleaje? Sisi ni wazima. Simone ameshapata nguvu baada ya kujifungua, na mjukuu wako amenenepa hata shingo haionekani. Karanga ulizompa Lambert zilifika salama. Nilipata moyo nilipoziona, maana mtu aliyekasirika kabisa hatumi karanga.

Lambert ni ndugu yangu mdogo lakini hajui kupaka maneno mafuta. Alinieleza kwamba uliposikia mtoto ameitwa Ngoma badala ya jina lako, ulisema: "Mushiya ni mutu wa kuachwa. Sasa hata mutoto yangu mwenyewe ameniacha." Akasema pia kwamba hutakanyaga Likasi mpaka upewe sababu. Una haki, mama. Uliitwa Mushiya kwa kuwa baba yako alifariki ukiwa bado tumboni, ukaachwa kabla ya kuonekana, nami nilikuahidi kabla ya harusi kwamba binti yangu wa kwanza atalichukua jina hilo. Ndiyo maana naandika leo.

Watu wa hapa wana sababu zao za jina hilo. Tangu serikali ilipotuambia tuache majina ya ubatizo tuchukue ya asili, kila jina linapimwa kama nyama sokoni. Mkubwa wa chama wa mtaa wetu alikuja kunishika mkono, akaniita raia kwa Kifaransa chao: "Citoyen, ile jina iko muzuri sana." Alidhani nimemwita mtoto hivyo kwa ajili ya ngoma zao za kusifu chama! Alitaka hata Simone aende kucheza nao, mwanamke ambaye alikuwa hajamaliza hata arobaini tangu ajifungue. Jirani yetu Martine, yeye anasema Ngoma ni jina la mtoto aliyekuja duniani na sauti kubwa. Huyo alikaribia, lakini sikuweza kumjibu, kwa sababu sauti hiyo siijui.

Mama, masikio yangu yananikimbia. Miaka yote hii niko kwenye mashine ya kuvunja mawe, na unajua kelele zake. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, birika likichemka, watoto wakicheza nje. Sasa maneno yananijia yakiwa na matundu. Nilificha kwa kuogopa kuondolewa kazini. Wenzangu wakicheka, nami nilicheka. Siku Simone alipojifungua alinipa mtoto, mdomo wazi, uso umekunjamana, nikamuuliza mbona halii. Mtoto alikuwa analia, mama, na wodi nzima ilikuwa inamsikia isipokuwa mimi.

Mke wangu hakunisema wala hakumtangazia mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Damas, kapita anayetusimamia kazini, nami niliposikia nilijua kazi imekwisha. Kumbe Damas naye sikio lake moja ni bovu. Alinihamishia stoo ya vifaa, mahali patulivu, na hakuniuliza lolote. Namshukuru mtu yule kila ninapofungua mlango wa stoo.

Kisha likaja la jina. Kila asubuhi nilipokuwa nakula, Simone alisimama nyuma yangu na mtoto mgongoni, akiita majina, ya kwao na ya kwetu, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto wake uani. Mimi sikujua. Nilikuwa nakula tu. Siku moja niligeuka nikamuuliza kama ameniita. Alikuwa amesema Ngoma. Kesho yake akalisema tena, nikageuka tena. Sauti nzito bado inanifikia. Ndipo aliponiketisha akanieleza yote uso kwa uso, polepole, nisome midomo: kwamba baba hawezi kuishi nyumba moja na binti yake bila kusikia anapoitwa.

Nilimuuliza alianza na jina gani. Alianza na lako, mama. Alilitaka liwe hilo. Aliita Mushiya asubuhi nyingi kabla ya kujaribu lingine lolote, akasogea karibu, akapandisha sauti, na siku moja aliliita mpaka akalia. Anasema siku hiyo nilimwomba chumvi.

Basi hujaachwa na mtu. Njoo umshike mjukuu wako. Simone anakusalimu sana, na anakuomba usimkasirikie. Wasalimie majirani wote, na umwambie Lambert akusomee barua hii taratibu.

Asante kwa kunizaa, na kwa miaka yote uliyoniita nikasikia.

Ni mimi mwanao,
Tshibangu, Evariste wako