Ufunguo wa Boti ya Calvince Obonyo

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, karibu na Kisian, Kaunti ya Kisumu, tarehe 27 Machi 2025, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Jina: Milka Aloo
Umri: Miaka 51
Kazi: Mchuuzi wa omena (dagaa wa ziwani), pia katibu wa kamati ya ufuo
Makazi: Ufuo wa Kadundo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu na ninazungumza kwa hiari yangu. Mimi ndiye niliyeifunga boti ya Calvince Obonyo. Ufunguo nimekuja nao, ndio huo hapo mezani.

Marehemu Calvince alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume wangu naye alichukuliwa na ziwa mwaka wa 2019, bila jaketi ya kuokolea maisha. Nataka hilo liandikwe mapema, maana wengine wanasema nilitunga sheria ya jaketi kwa kutafuta ukubwa.

Mnamo tarehe 12 Machi 2025, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, wavuvi walikutana kwenye banda la kupimia samaki. Walijadili leseni, wakalalamika tu kama kawaida. Walijadili nyavu za macho madogo, zile zilizopigwa marufuku, wakakaribia kupigana, kwa sababu kila mtu anajua nani anazo na hakuna anayetaka kumtaja. Jambo la jaketi nililileta mimi. Nilisema boti yoyote isiyo na jaketi za kutosha watu wake wote ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo mpaka zipatikane. Calvince alisimama akasema, "Shemeji, hiyo sheria yako ni mzuri, lakini ziwa haisomi sheria." Watu walicheka. Nilimjibu kwamba sheria ni msumeno, na yeye pia itamkata. Wakacheka tena, naye akacheka, kisha akainua mkono kuikubali sheria. Kura yake imo kwenye kumbukumbu zangu.

Mnamo tarehe 24 Machi, siku ya Jumatatu, saa moja asubuhi, nilikagua boti. Yake ilikuwa na jaketi mbili kwa watu wanne. Niliifunga. Zile jaketi mbili nilizitoa nikazitundika ofisini zisiibwe.

Saa mbili kasoro dakika kumi Calvince alikuja ofisini. Alisema ametega wavu tangu jana jioni na samaki wataoza. Alisema, "Fungua tu kidogo. Nitoe wavu, nirudi, ufunge." Nilimwambia kwamba mwenyekiti wetu, Mzee Dishon Oduor, atatoka saa sita na boti ya kamati na atautoa. Akasema, "Wavu yangu nataka nitoe mwenyewe."

Hapo nilimshuku. Mvuvi asiyetaka wavu wake uonekane huwa na sababu, na nilidhani ni wa macho madogo. Tena alikuwa ndugu. Ningemfungulia yeye, kesho ufuo wote ungesema mnyororo ni wa wasio na undugu na katibu. Nilikataa. Alisema, "Sawa, Shemeji," akatoka. Nilifurahi kwamba hakubishana. Jaketi zilikuwa nyuma ya kiti changu na hakuomba hata moja. Nafikiri angeomba ningejua anakokwenda.

Yapata saa tatu nilikuwa nageuza omena kwenye chandarua. Rachael, mchuuzi mwenzangu, aliniambia Calvince yuko majini juu ya tyubu ya trekta. Ni tyubu aliyoitoa Muhoroni, watoto wake huichezea. Nilitazama nikamwona kwa macho yangu, karibu mita mia tatu, akipiga makasia kwa kipande cha ubao. Upepo ulikuwa umeanza kusukuma magugu maji kuja upande wetu. Niliita jina lake. Magugu yalipita kati yetu, na yalipofunguka niliona tyubu peke yake.

Mzee Dishon alitoka na boti ya kamati mara moja, lakini magugu yalishika injini.

Kwetu mtu akichukuliwa na ziwa hakuna anayevua mpaka apatikane. Boti zote hutoka kumtafuta. Saa saba mchana mke wa marehemu, Akinyi, alinijia. Hakuwa analia. Siku zote huniita Mama Winny. Siku hiyo alisema, "Milka, leta ufunguo."

Nilifungua. Wanaume wanne waliingia katika boti ya Calvince. Niliwapa zile jaketi mbili, wawili wakaenda bila.

Mnamo tarehe 25 Machi, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, boti hiyo hiyo ndiyo iliyompata. Alikuwa amenaswa mguu katika wavu wake. Niliupima kwa rula ya kamati, mara tatu. Macho yake ni inchi tano. Ni halali. Akinyi aliniambia wavu ulikuwa mpya, na mumewe hakutaka mikono ya watu iurarue siku ya kwanza. Hakuwa anaficha kitu. Hajaniamkia tangu hapo, na simlaumu.

Umeniuliza kama boti yoyote ilitoka bila jaketi za kutosha. Ndiyo, moja. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari, saa saba na dakika ishirini: Boti ya Calvince Obonyo. Watu wanne. Jaketi mbili. Kazi: kumtafuta mwenye boti. Imeruhusiwa. Sahihi ni yangu.

Ninayoyajua kuhusu kifo hiki yameishia hapo. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili na kwa Dholuo, nayo ni kweli.

Sahihi: Milka Aloo

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika kama yalivyosemwa, nikamaliza saa tano na dakika hamsini. Shahidi aliomba ufunguo ubaki kituoni. Nilimweleza kwamba hauhitajiki kama kielelezo na anaweza kwenda nao. Ameondoka, ameuacha mezani.

Konstebo Mukhtar Seif